Langalanga 2024: McLaren wamechukua kombe la timu kwa haki, Red Bull walikimbia na gari moja

Mwambao wa Kibirizi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Naandika kutoka hapa Kigoma mjini. Msimu wa Formula 1 umefungwa jana, tarehe 8 Desemba 2024, Abu Dhabi, na kwenye magrupu ya WhatsApp tangu usiku ni wimbo mmoja: McLaren wamebahatisha, wameokota kombe. Mimi ni wa McLaren tangu Hamilton alipochukua ubingwa akiwa nao 2008, kwa hiyo msitegemee niwe refa hapa. Lakini nimekuja na hesabu.

Kombe la timu lilikuwa halijaingia Woking, makao ya McLaren, tangu 1998. Jana limeingia. McLaren pointi 666, Ferrari 652, Red Bull 589, Mercedes 468. Sasa nendeni kwenye jedwali la madereva. Bingwa ni Verstappen wa Red Bull, 437, ubingwa wake wa nne mfululizo, na hilo hakuna mwenye akili timamu anayelipinga. Norris wetu 374, Leclerc wa Ferrari 356, Piastri wetu 292, Sainz wa Ferrari 290. Endeleeni kushuka, mpite Russell na Hamilton wa Mercedes, ndipo mnamkuta Perez nafasi ya nane na pointi 152. Huyo ndiye mwenzake Verstappen. Chapa ile ile, karakana ile ile, na mwenzake amemzidi karibu mara tatu.

Watu wanasahau msimu ulivyoanza. Red Bull walishinda mbio 7 kati ya 10 za kwanza. Baada ya Barcelona, mbio ya kumi, walikuwa na 330, McLaren 237. Tofauti ya 93! Kuanzia hapo hadi jana McLaren wamevuna 429, Red Bull 259. Perez aliondoka Barcelona na 111, mbio 14 zilizofuata akaongeza 41. Piastri kwenye mbio hizo hizo kaongeza 205. Mtu akisema bahati, hiyo ni bahati gani inayokaa miezi sita bila kuchoka?

Kombe la timu halijali una dereva mmoja bora kuliko wote duniani. Linahesabu magari mawili, kila Jumapili. Red Bull walijua Perez anateleza, na Juni wakamwongezea mkataba. Hapo ndipo kombe lilipoondoka, hata kama jedwali lilikuwa bado halijaonyesha.

Niwaambie na ya jana. Banda tunaloangalizia hapa Mwanga lina king'amuzi kimoja na televisheni moja kubwa. Mbio zilianza saa kumi jioni, na Arsenal walikuwa wanacheza na Fulham saa kumi na moja. Mizunguko ya mwanzo tu Verstappen kamgonga Piastri kona ya kwanza, gari letu moja likaangukia mkiani kabisa. Leclerc aliyeanza wa 19 akawa anakula watu mmoja mmoja. Saa kumi na moja kamili vijana wa Arsenal wakaanza kupiga benchi wakitaka chaneli ibadilishwe. Mwenye banda ni Arsenal wa kufa na kupona, lakini aliiangalia skrini, akaona Norris mbele, Sainz nyuma yake, akasema mpira wausubiri kidogo. Ilibidi awarudishie wawili hela zao. Watu waliobaki walikuwa kimya kama wapo kwenye mtihani, na nusu yao walikuwa hawajawahi kuangalia langalanga maisha yao.

Hesabu ya kimya ile ni hii. Kabla ya jana tulikuwa mbele ya Ferrari kwa 21. Ferrari wakamaliza wa pili na wa tatu, wakavuna 33. Norris kashinda, 25, Piastri akajikokota hadi wa kumi, pointi 1. Kama Sainz angempita Norris mzunguko wowote ule na ikabaki hivyo, timu zote mbili zingefika 659. Sare! Na sare inaamuliwa kwa idadi ya ushindi: Ferrari wangekuwa nao 6, sisi 5. Kombe lingekwenda Maranello, kwa Ferrari. Norris alikuwa hana nafasi ya kumaliza wa pili, na aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo mtu aje aniambie hana moyo.

Karibuni.

Kasulu Tifosi

Mkuu nimekusoma yote na hesabu zako ziko sawa. Lakini umeruka mbio za Baku, na najua kwa nini umeiruka.

Baku, mzunguko wa 50 kati ya 51. Piastri wa kwanza, Leclerc wa pili tairi zimemwisha, Perez anamnyemelea, Sainz anampita Perez kwa ndani anakuwa wa tatu. Sekunde chache baadaye Sainz na Perez wanagusana kwenye ule unyoofu, wote ukutani. Waamuzi wakasema ni tukio la mbio, hakuna mwenye kosa. Sawa. Ila ebu wapange kama walivyokuwa kabla ya kugongana: Sainz wa tatu ni pointi 15 zimemwagika. Norris aliyekuwa wa sita akapanda wa nne bila kumpita mtu, akachukua 12 za nafasi hiyo badala ya 8. Ferrari kutoa 15, McLaren kuongeza 4, hiyo ni tofauti ya 19. Mmetushinda kwa 14.

Siwaiti waokota kombe. Nasema tu tulikuwa nalo mkononi, na aliyelipiga teke ni yule yule Perez unayesema aliwaangusha Red Bull. Jamaa kaamua ubingwa mara mbili, na timu zote mbili alizoziangusha wala si McLaren.

Mwambao wa Kibirizi

@Kasulu Tifosi sijaiogopa Baku. Hesabu yako ya 19 naikubali kama ulivyoipanga. Lakini angalia kilichotokea kabla. Norris alianza wa 15 siku ile. Piastri alipoingia piti kubadili tairi, Norris alikuwa bado yuko uwanjani na tairi zake ngumu, na Perez yuko nyuma yake. Akamchelewesha. Perez akapoteza sekunde, Piastri akatoka piti akiwa mbele yake. Mzunguko wa 20 Piastri akamrukia Leclerc kona ya kwanza, kutoka mbali kabisa, Leclerc hata hakutegemea. Kisha akakaa mbele mizunguko 30 na Ferrari imeng'ang'ania mgongoni. Hiyo ni gari ya pili ikiisaidia ya kwanza. Ndiyo hoja yangu nzima.

Na kama tunarudisha mbio nyuma, turudi na Kanada. Ferrari zote mbili hazikumaliza, moja injini, nyingine ajali. Sifuri. Siku hiyo Norris wa pili na Piastri wa tano. Ilikuwa Juni, hakuna Perez hapo.

Fundi Gongoni

Habari za huko Kigoma. Mimi niko Tabora, shughuli zangu ni magari, naomba tuongee chuma kidogo maana naona mnahesabu pointi tu.

Gari la Red Bull halikuharibika, wenzao ndio waliwafikia, na wao walipojaribu kukimbia zaidi wakapotea njia. Mleta uzi kasema miezi sita, mimi naanzia Miami mwezi wa tano. McLaren walileta Miami mzigo mkubwa wa vipande vipya, Norris akashinda mbio yake ya kwanza ya maisha pale pale. Kuanzia hapo gari lile linafanya kazi kila aina ya njia: kona ndefu, kona fupi, joto, baridi. Zandvoort Norris kashinda kwa karibu sekunde 23. Singapore, karibu 21. Kwenye mchezo ambao wanatafuta sehemu ya kumi ya sekunde, hiyo ni tofauti ya aibu.

Red Bull wao kila walichoongeza kwenye sakafu ya gari kiliongeza nguvu ya kukandamiza kwenye mahesabu lakini mbele na nyuma ya gari vikaacha kuelewana. Ukiingia kona, mbele inagoma. Ukikanyaga mafuta, nyuma inakimbia. Verstappen ana mikono ya kuendesha kitu kama hicho. Perez hana, na tuseme ukweli, madereva wengi wazuri hawana. Monza Verstappen alimaliza wa sita akiwa hajagongwa na mtu, gari tu. Kutoka Austria hadi Mexico, mbio 10, hakushinda hata moja. Yeye! Mtu aliyeshinda 19 kati ya 22 mwaka 2023.

Kuna sheria watu wengi hawaijui. Ukiwa bingwa wa timu, muda wako wa kupima gari kwenye handaki la upepo unapunguzwa. Bingwa anapewa asilimia 70 ya kiwango, wa pili 75, wa tatu 80, hivyo hivyo hadi wa kumi anapata 115. McLaren walimaliza wa nne 2023, kwa hiyo walikuwa na muda mwingi kuliko Red Bull, na 2023 hiyo hiyo walifungua handaki lao wenyewe Woking badala ya kwenda kukodi Ujerumani. Wakamchukua Rob Marshall, mhandisi aliyekaa Red Bull miaka mingi, akaanza kazi Januari 2024. Upande wa pili Adrian Newey, mbunifu wao mkongwe wa magari, akatangaza Mei kwamba anaondoka Red Bull. Weka hivyo vitu vitatu pamoja, mbona msimu unajieleza wenyewe.

Kwa hiyo mimi simlaumu Perez kama mleta uzi. Fundi akishakupa gari lisiloeleweka, usimlaumu dereva peke yake.

Dada wa Urambo

Asante fundi, umenifungua kwenye hilo la handaki.

Mimi nina jambo na McLaren, na ni shabiki wao pia, kaka Mwambao asinione adui. Kombe la timu tumechukua, nimelia kwa furaha. Lakini ubingwa wa madereva tuliuachia wenyewe. Silverstone Norris anaongoza, tunachelewa kumwita piti, akija tunamwekea tairi laini zinazokwisha, anamaliza wa tatu. Siku hiyo hiyo Piastri tunamwacha nje mzunguko mzima na tairi kavu mvua inanyesha. Kanada Norris anaongoza, gari la usalama linatoka kupunguza mwendo wa wote, hatumwiti piti kwa wakati.

Halafu Hungary. Hapo bado nina hasira. Tumemwita Norris kabla ya Piastri aliyekuwa anaongoza, Norris akatokea mbele, halafu mizunguko mingi mhandisi wake anambembeleza redioni arudishe nafasi. Imebaki mizunguko michache, akaachia. Piastri kapata ushindi wake wa kwanza lakini hakuna aliyefurahi, hata yeye. Ungewatazama jukwaani ungedhani wamefiwa. Monza tena: Norris ameanza wa kwanza, Piastri kampita mzunguko wa kwanza, katikati ya purukushani Leclerc naye akapenya, na Leclerc huyo huyo ndiye aliyekuja kushinda kwa kubadili tairi mara moja tu mbele ya watu wake. Timu inayogombania ubingwa haiwaachii madereva wake wapigane wenyewe kwa wenyewe Monza, mwezi wa tisa, wakati Verstappen yuko chini.

Red Bull wasingefanya hivyo. Pale kila mtu anajua nani ni wa kwanza.

Simba wa Orange

Dada umenena. Na mimi wa Verstappen naongeza: msizungumze msimu huu bila Brazil. Kaanza wa 17. Mvua inamwagika. Norris kaanza wa kwanza. Pengo lake na Norris lilikuwa pointi 44 asubuhi ile, kila mtu kwenye mtandao anasema Brazil ndiyo inafungua ubingwa. Jioni pengo likawa 62.

Mwambao wa Kibirizi

@Simba wa Orange Brazil alikuwa mkubwa, sibishi. Lakini bendera nyekundu ilimsaidia. Yeye na magari mawili ya Alpine walibaki uwanjani, Norris na Russell wakawa wameshaingia piti. Ajali ya dereva Colapinto ikasimamisha mbio, wale waliobaki wakabadili tairi bure.

Simba wa Orange

Mkuu, bure kwa nani? Waliobaki nje walikuwa watatu, na Ocon wa Alpine ndiye alikuwa mbele yao. Verstappen akampita Ocon baadaye, akaenda kumaliza karibu sekunde 20 mbele ya wa pili, kwenye maji, na gari ambalo fundi amesema hapo juu halieleweki. Kabla ya bendera alikuwa ameshapita magari mengi kutoka wa 17 kwa mikono yake. Norris siku hiyo alitoka nje ya njia na kumaliza wa sita. Bendera haikumtoa Norris nje ya njia.

Wewe unasema kombe la timu halijali dereva bora. Mimi nakwambia bila Verstappen, Red Bull wangekuwa wa nne nyuma ya Mercedes kwa mbali. Pointi 437 kati ya 589 ni mtu mmoja. Hicho nacho ni kitu cha kukiheshimu kwenye uzi wako, sio kukipitia kwa sentensi moja.

Mwambao wa Kibirizi

Namheshimu, na ndiyo maana nawalaumu mabosi wake. Mtu akikupa 437 kwenye gari gumu hivyo, wewe kazi yako ni kumtafutia mwenzake wa kuleta japo 230. Pungufu ya Russell, aliyepata 245! Jumlisha: 667. Wangekuwa bado na kombe lao.

Fundi Gongoni

@Mwambao hesabu hiyo ina tundu. Hizo pointi 78 za Perez hazidondoki kutoka mbinguni, angewanyang'anya walio mbele yake, wengi wao Ferrari, McLaren na Mercedes. Maana yake hata 230 asingezihitaji. Angefika mia mbili na kidogo tu huku akiwakalia Piastri na Sainz mbele, McLaren wangeshuka na Red Bull wangepanda kwa pamoja. Hoja yako ina nguvu kuliko wewe mwenyewe ulivyoiweka.

Kasulu Tifosi

Fundi huyu akae hapa hapa, asiondoke.

Mzee wa Stesheni

Nimesoma vijana wangu, mmenifurahisha. Las Vegas niliiangalia Jumapili saa tatu asubuhi hapa Tabora, familia imekwenda kanisani nikawaambia nitawakuta misa ya pili. Verstappen alimaliza wa tano tu na akawa bingwa, Mercedes wamechukua wa kwanza na wa pili.

Ninalotaka kumwambia binti yangu wa Urambo ni hili. Unawalaumu McLaren kwa kutochagua mmoja mapema. Hungary ni pointi 7. Piga na Monza. Piga na zile mbio fupi za Jumamosi, ambazo Brazil Piastri alimpisha Norris, na Qatar Norris akalipa deni, akamwachia Piastri mstarini. Norris amepoteza ubingwa kwa pointi 63. Huwezi kufikia 63 kwa kuhesabu maamuzi ya timu dhidi ya Piastri. Baada ya Barcelona pengo lilikuwa 69, mwisho wa msimu 63. Mbio 14 na gari bora kuliko yote, kapunguza 6. Austria walipogongana na Verstappen, Norris akatoka kapa. Qatar akapewa adhabu nzito kwa kutopunguza mwendo kwenye bendera ya njano, akamaliza wa kumi.

Kile mnachokiita udhaifu, kuwatendea madereva wawili sawa, ndicho kilichowafanya wote wawili walete pointi hadi jana. Piastri angeambiwa mwezi wa saba kwamba yeye ni wa kubeba mizigo, sidhani kama Baku angemrukia Leclerc vile.

Dada wa Urambo

Shikamoo mzee. Hesabu ya 69 na 63 imenikalisha chini, nakiri ina uzito. Hungary bado iliendeshwa vibaya. Ukishamwita wa pili kwanza, umejitengenezea ugomvi ambao haukuwepo.

Mzee wa Stesheni

Marahaba binti. Kwenye Hungary tuko pamoja.

Kasulu Tifosi

Basi tuongee ya mbele. Hamilton anakuja kwetu 2025, lilishatangazwa tangu Februari. Hamilton na Leclerc gari moja nyekundu. Mwambao, hizo 14 tunazirudisha kabla ya mwezi wa tano.

Mwambao wa Kibirizi

Kaka, kwa Hamilton nina mapenzi ya zamani na unajua yalipoanzia. Jana ameanza wa 16 kamaliza wa nne, bado yumo. Lakini angalia mnayemtoa. Sainz ameleta 290 mwaka huu na alikosa mbio nzima Jeddah kwa upasuaji wa kidole tumbo, mtoto Bearman akaingia na kuwaletea 6. Ameshinda Melbourne akiwa ametoka hospitali, ameshinda Mexico, jana kaleta 18 akijua anafungasha kwenda Williams. Pointi mbili tu nyuma ya Piastri. Hamilton mwaka huu 223, na kwenye timu yake Russell kamzidi.

Mnabadilisha gari la pili lililokuwa linafanya kazi. Sisi tunabaki na Norris na Piastri wale wale. Machi tukutane Melbourne, mbio zitakuwa asubuhi mapema kwa saa zetu, na mwenye banda ameshasema atafungua.